Tulinunua Shamba Msambweni, Minazi Haikuwemo

Wakuu, salamu zenu nyote, mlioshiba na mnaongojea kushiba.

Nimesoma uzi wa yule kijana anayetaka kustaafu kijijini, anauliza achague Waa, Diani au Kikoneni. Majibu yamejaa kurasa tatu. Huyu anasema angalia maji, yule anasema angalia barabara, mwingine angalia title deed, na kuna mmoja amemwambia asioe tena. Maneno mazuri yote. Lakini swali lenyewe hasa hakuna aliyelitaja, na swali hilo liliwahi kutuadhiri familia nzima.

Basi nimekaa kuandika. Miaka yangu imepita themanini na natumia kidole kimoja, kwa hivyo msinikimbize. Uongo sitawaambia, maana wajukuu zangu wanaingia humu humu, na nikitia chumvi wataniumbua.

Hii ni habari ya marehemu baba yangu, Mzee Mulei, miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, kila mtu alipokuwa akisema ardhi, ardhi, hata asiye na jembe.

Asili yetu ni Ukambani, lakini mimi nimezaliwa Mombasa. Kikamba changu kinachekesha hata mbuzi. Baba alikuwa mtunza stoo bandarini zaidi ya miaka thelathini.

Sasa mjue mtunza stoo wa zamani alivyokuwa. Penseli nyuma ya sikio, register kwapani. Baba alihesabu kila kitu. Alihesabu ngazi akipanda, alihesabu maandazi mezani, na kanisani alihesabu waumini kisha akamsahihisha mchungaji mbele ya watu.

Siku aliyostaafu ndiyo siku aliyotakiwa kuiacha nyumba ya kazini. Kurudi Ukambani alikataa. Ndugu zake walikuwa washagawana shamba la ukoo wakidhani yeye kashakuwa mtu wa Pwani, na magoti yake, alisema, yalishasahau baridi.

Akaja kwangu. "Wiki mbili tu," akasema, "huku unanitafutia shamba."

Kwangu ni wapi? Chumba kimoja, Majengo. Mimi, mke wangu Syokau, na mimba yake ya kwanza, bado changa. Tukafunga kamba katikati ya chumba, tukaning'iniza leso mbili. Upande huu sisi, upande ule baba na sanduku lake la bati.

Na baba alikuwa na kikohozi. Hakuwa mgonjwa, daktari alimpima akasema mapafu safi. Yalikuwa mazoea tu. Alikohoa kabla ya kusema, alikohoa baada ya kusema, na asipokuwa na la kusema alikohoa vilevile. Saa kumi na nusu alfajiri ameshaanza, na mpangaji wa chumba cha pili anagonga ukuta.

Wiki mbili zikawa miezi miwili.

Siku moja Syokau akaniita uani. Akasema kwa sauti ya chini, na nyinyi mliooa mnajua mke akishusha sauti mambo yameharibika.

"Baba yako nampenda," akaniambia. "Lakini mtoto huyu akizaliwa babu yake bado yuko nyuma ya leso, mimi nachukua mwanangu narudi kwetu Kitui. Utabaki na baba yako mkoholeane."

Nikahesabu kwa vidole. Ilibaki miezi mitano.

Ndipo site visit zikaanza. Kila Jumamosi tunavuka Likoni, mimi na baba na register.

Waa baba alipapenda kwa dakika kumi. Kisha akageuka nyuma akakumbuka kwamba kivuko tumekiacha muda si mrefu. "Hapa ni karibu mno," akasema. "Kila mwenye shida Mombasa atakuja kula kwangu." Mimi mwenye shida wa Mombasa nikaokota kikapu, tukarudi.

Tukaenda Diani. Hapa mnishike mkono, wakuu.

Tulionyeshwa plot ya ufuoni. Ufuoni kabisa, unatema mate yanaangukia baharini. Mwenyewe anatubembeleza, maana hakuna aliyeitaka. Baba akachota mchanga kiganjani, akaulamba, akatema. "Chumvi tupu," akasema. "Hapa hata muhogo hauishi." Tukiwa bado tunaangalia, tumbili akashuka akachukua mkate wetu kikapuni na kwenda zake. Baba akaandika: Diani, mchanga na wezi. Akafunga register.

Leo pale pana hoteli, na bawabu hataki hata nichungulie getini. Tuendelee, naona moyo unaniuma.

Kikoneni ardhi ilikuwa nzuri. Baba alilamba udongo wa huko na kuumeza. Watu wema, mihogo minene. Lakini kufika kwenye shamba lenyewe tulitembea mpaka kiatu chake cha kulia kikafumuka, na baba akasema siku atakayougua huku atafika kwa daktari ameshapona au ameshakufa. Tukarudi Mombasa, yeye na kiatu mkononi, mimi na miezi minne kichwani.

Hatimaye tukapata Msambweni. Ndani kidogo, robo saa kwa miguu kutoka barabara kuu. Mwenye shamba alikuwa Mzee Bakari, mtu mrefu mpole, anauza kipande apate kwenda kuhiji.

Wakuu, lile shamba lilipendeza. Udongo baba aliulamba mara mbili. Kisha akaanza kazi yake, kutembea na kuhesabu. Minazi thelathini na mmoja. Mikorosho sita. Miembe miwili. Mfenesi mmoja. Akaandika yote, akapiga mstari chini, akaniambia pembeni, "Hii ni stoo iliyojaa. Nitakula nazi mpaka nife."

Na msidhani baba alikuwa mjinga. Alimkalisha Mzee Bakari akamuuliza maswali kumi na manane, aliyaandika usiku wa jana yake.

"Lina kesi?"

"Halina."

"Lina maji?"

"Kisima kile pale."

"Kuna aliyezikwa humu?"

"Makaburi yako kule, nje ya mpaka."

"Lina nyoka?"

"Nyoka wapo, ndugu yangu. Sisi ndio tuliowakuta."

Mambo yakaenda sawasawa. Wazee wakaitwa, serikali ya hapo ikashuhudia, karatasi zikatiwa dole gumba na sahihi, na wali ukaliwa. Baba akajenga nyumba ya udongo ya vyumba viwili. Makuti ya kuezekea aliyapata kwa bibi mmoja jirani, mwenye mikono myepesi ya kusuka. Baba alimsifu sana. Alisema makuti ya bibi yule ukiyatazama kwa ndani huoni hata nukta ya jua.

Siku baba alipohama, Syokau alimkaangia kuku wa safari na machozi yakamtoka, sijui ya nini. Basi lilipoondoka tu, alizifua zile leso mbili, akazianika, akaimba nyimbo mbili za kanisa na moja ya taarabu. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Nilijiona mwanamume.

Nikamwahidi baba kwamba nitamtembelea kila Jumamosi.

Jumamosi ya pili nikaenda. Nilimkuta ananyoa ndevu mlangoni, anapiga mluzi, mtu aliyeridhika. Mara nikasikia:

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Ni yule bibi wa makuti. Jina lake Bi Mwanamkasi, miaka sitini na kitu, mwembamba, amejitanda leso yake. Nyuma yake yupo mkwezi wa nazi, Tsuma, mtu mzima mwenye kamba begani na panga kiunoni.

Nikampa shikamoo. Akaipokea, akaniuliza habari za asubuhi, za njia, za Mombasa, za mke, za mimba ya mke, na za mpangaji anayegonga ukuta. Baba alikuwa ameshamweleza kila kitu. Mimi najibu, moyoni nasema Mungu ametupa jirani.

Katikati ya salamu, Tsuma akatia mguu kwenye kidato cha mnazi akaanza kupanda.

Baba akatoka mbio, povu nusu ya uso, wembe mkononi.

"Wewe! Shuka! Mwizi! Shuka!"

Tsuma akasimama katikati ya mnazi, akamtazama Bi Mwanamkasi.

"Wewe angua tu," Bi akamwambia. "Mzee ana homa."

Puu! Nazi ya kwanza ikatua. Baba akaruka akaikumbatia ile nazi. Puu, ya pili. Akaiacha ya kwanza akakumbatia shina la mnazi kwa mikono miwili, povu lote likabaki kwenye gome.

"Mwanangu," Bi Mwanamkasi akasema, na huyo mwanangu alikuwa na miaka hamsini na mitano, "ondoka hapo chini, utavunjwa shingo bure."

"Minazi yangu hii!"

"Aka! Yako tangu lini? Hii alipanda marehemu baba yangu, mimi namshikia ndoo ya maji. Ardhi ni yako, hilo silikatai. Siku ya mauziano nilikuwapo, na wali nilikula."

"Sasa mnazi umesimama juu ya nini?"

"Juu ya ardhi yako. Kwani nimesema umesimama hewani?"

Baba akauachia mnazi. Kisha nikamwona anainua macho taratibu kutazama paa la nyumba yake.

"Na yale makuti," akauliza, "uliyatoa wapi?"

"Si hapa hapa! Mnazi ule na ule wa kisimani. Yanavuja?"

Baba akakaa chini kwenye mchanga, na wembe wake.

Tukamfuata Mzee Bakari. Nilikwenda nimevimba, nataka kugombana. Yule mzee alitusikiliza mpaka mwisho, akasikitika kweli kweli.

"Mzee Mulei," akasema, "uliniuliza mambo kumi na manane nikakujibu yote. La minazi hukuniuliza. Na mimi ningeuzaje kitu cha watu? Naenda kuhiji, jamani, niende na nazi za watu shingoni?"

Wakuu, hapa ndipo penye mzizi wa fitina. Kwa Wadigo, na sehemu nyingi za Pwani yetu, ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe. Aliyepanda ndiye mwenye mti, akifa wanarithi watu wake, na ardhi hata iuzwe mara tano mti unabaki na wenyewe. Mtoto wa hapo analijua hilo kabla hajajua kuvaa viatu. Kwa hivyo Mzee Bakari hakuona cha kusema, kama vile wewe ukiuza nyumba humwambii mnunuzi kwamba jirani hayumo. Na sisi wa Ukambani hatukuona cha kuuliza, maana kwetu ukinunua shamba umenunua mpaka mchwa.

Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Hilo ndilo lililomuuma baba zaidi, kwamba hana wa kumshitaki.

Wazee wakaitwa tena, wakapita mti kwa mti. Minazi ishirini ya Bi Mwanamkasi. Sita ya dada yake aliyeolewa Vanga. Mitano wakfu wa msikiti. Mikorosho ya wapwa wa Mzee Bakari. Miembe Bakari mwenyewe alijibakishia. Baba anaandika kila kitu kwenye register.

"Na changu mimi ni kipi?" akauliza mwishowe.

Wazee wakanong'onezana kwa muda. Kisha mmoja akaonyesha mfenesi. Ulikuwa umekauka, na nyuki wameshaingia ndani.

"Huo ni wako wote," wakasema.

"Na nyuki?"

"Nyuki hapo mtaelewana wenyewe."

Msicheke, wakuu. Au haya, chekeni, hata mimi nacheka sasa. Lakini siku ile baba aliingia ndani akavuta sanduku la bati chini ya kitanda.

"Fungasha," akasema. "Narudi Mombasa."

Nikamwona Syokau na leso zake, nikaliona basi la Kitui. Nikaomba, nikabembeleza, nikataja hewa safi, nikataja magoti. Hasikii. Mwisho nikasema neno ambalo lilinitoka tu: "Basi baba, twende. Watasema Mulei ameshindwa na bibi kizee."

Akaliacha sanduku.

"Nani ameshindwa?" akasema, na akakohoa vizuri.

Kumbe nimewasha vita. Wiki iliyofuata akazungusha waya wa seng'enge shamba zima, akaweka geti na kufuli kubwa la stoo.

Bi Mwanamkasi hakugomba. Alikuja, akakuta geti, akaweka kikapu chini na kuanza kupiga hodi. Hodi yake haikuwa na hasira hata chembe. Anaita, ananyamaza, anajipepea na ncha ya leso, anaita tena. Baba ndani amejifanya hayupo. Lakini mtu mwenye kikohozi kile atajifichaje? Kila akikohoa, Bi anajibu kutoka getini, "Ahsante, mwanangu, nipo, nangoja."

Siku tatu hivyo. Baba akaandika barua serikalini. Afisa akaja na baiskeli, akasikiliza pande mbili, akanywa madafu mawili ya Bi Mwanamkasi, akamwambia baba kwamba desturi ya hapa ndiyo hiyo, miti ina wenyewe na lazima wapewe njia.

"Sawa," baba akasema. "Lakini kwa utaratibu."

Akanunua register mpya, akaichora safu, akaining'iniza getini na penseli kwenye uzi. Tarehe, jina, saa ya kuingia, idadi ya nazi. Asiyeandika haingii. Alijua Bi Mwanamkasi hakwenda shule za Wazungu, basi akangoja nyuma ya geti kumwona akiaibika.

Bi akachukua penseli, akakaa chini, akaanza kuandika kutoka kulia kwenda kushoto. Herufi za Kiarabu, mstari hadi mstari, safi kabisa. Alisoma chuoni akiwa mdogo, na mume wake wa kwanza alikuwa mwalimu wa Kurani.

Baba hakujua hata herufi moja. Akaigeuza register juu chini.

"Ni nini hiki?"

"Si umesema niandike? Nimeandika."

"Nazi kumi na mbili zinataka ukurasa mzima?"

"Wewe umeandika maswali, mimi nimeandika majibu. Fungua geti, jua linapanda."

Ikawa ndiyo hali. Akawa anakuja hata siku zisizo za kuangua, anaandika weee, kisha anapiga hodi. Baba anafungua kufuli kwa uso wa kesi ya mauaji. Hayo alinieleza kwa barua. Mimi Jumamosi zangu zilikuwa zimeanza kuwa na shughuli. Mara kazi, mara Syokau miguu imevimba, mara kivuko kina foleni. Tangu siku ile ya nazi nilikuwa nimekwenda mara moja.

Mimba ilipokaribia miezi tisa, Jumapili moja mlango wangu wa Majengo ukabishwa. Ni Tsuma mkwezi, vumbi mpaka kope.

"Mzee yuko hospitali Msambweni," akasema. "Yu hai. Bi amenituma."

Syokau akashika tumbo, akashika na kikapu, akasema anakwenda. Nikamwambia hali yako. Akanitazama jicho moja, tukaenda wote.

Tulimkuta baba amelala, mashavu yameingia ndani. Malaria kali. Kando yake Bi Mwanamkasi ameshika bakuli la uji, anamlisha kwa kijiko na baba anameza akiwa amenuna.

Alipotuona, neno la kwanza alilosema ni hili: "Amekata waya wangu."

"Nimekata," akasema Bi. "Ulitaka nipite wapi?"

"Waya mpya."

"Meza uji."

Nikauliza alilala mgonjwa siku ngapi. Baba hajui. Kwa mtunza stoo kukosa kujua tarehe ni fedheha, akaanza kuhangaika. Bi Mwanamkasi akatia mkono kikapuni akatoa ile register ya getini. "Yote yamo," akasema. "Leo nikusomee, maana ulikuwa unaigeuza juu chini kama samaki wa kukaanga."

Akasoma, na mimi nayakumbuka mpaka leo.

Jumatatu. Nimeangua nazi arobaini. Mzee amehesabu thelathini na nane. Amekosea.

Alhamisi. Sikuangua. Nimepita kumsalimu. Amevaa soksi na kandambili. Mwenyezi Mungu amhifadhi.

Jumamosi. Mwanawe hakuja. Mzee ametandika mkeka mpaka jioni, kisha ameukunja. Nimemwachia samaki, nikasema wamenizidia.

Hapo nikatazama vidole vya miguu yangu. Bi hakunitazama, akafunua ukurasa.

Jumatano. Nimepiga hodi, hakufungua. Kikohozi kimoja. Nikasema leo kanuna.

Alhamisi. Nimepiga hodi mara saba. Hakuna kikohozi. Mtu huyu hawezi kukaa asubuhi nzima bila kukohoa. Nimemwita Tsuma na panga lake.

Ukurasa ulikuwa umeishia hapo. Syokau alikuwa anacheka tangu soksi, sasa analia. Baba amegeukia ukuta.

Wakamchukua na kitanda chake cha kamba, Bi na Tsuma na wapwa wa Mzee Bakari, mpaka barabarani, mpaka hospitali. Daktari alisema angelala siku moja zaidi ndani ya lile kufuli lake, tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

Syokau akafuta macho, akainama kitandani. "Baba," akasema, "turudi wote Mombasa. Leso bado ninazo." Alisema kweli kutoka moyoni, na mtoto mwenyewe alikuwa siku zozote. Nilimpenda mke wangu siku ile kuliko siku ya harusi.

Baba akasema atafikiri.

Mimi nikaona nimekuwa mtoto mbaya, nitengeneze. Baba alipotoka hospitali nikazunguka kimya kimya. Nikamwendea Bi Mwanamkasi, nikamwambia mama, tuuzie minazi yako yote, mzee apumzike, asisumbuliwe tena na watu kuingia na kutoka. Akafikiri sana. Kwa ajili ya hali ya mzee, akakubali. Dada yake wa Vanga naye akatuma neno, akakubali. Ile mitano ya msikiti haikuuzika, wakfu ni wakfu, lakini mitano si kitu.

Nikaingia kwa baba nimejaa furaha. Alikuwa amekaa kitandani na blanketi begani. Nikamwambia, "Baba, mambo yamekwisha. Minazi inakuwa yako. Hakuna atakayekupigia hodi tena."

Akavuta blanketi mpaka shingoni, nikadhani homa imerudi.

"Akishaniuzia minazi," akasema, "atakuja hapa kufanya nini?"

"Atakuja kukusalimu, baba."

"Watu hawaji kwa salamu tu. Husema watakuja." Akanitazama. "Wewe ulisema kila Jumamosi."

Nikatoka kwenda kumwambia Bi Mwanamkasi tumeghairi.

Minazi hatukuinunua. Jioni ile alinituma nikakunje waya wote. Na Mombasa hakurudi kukaa. Alikuja mara moja tu, Syokau alipojifungua binti. Alimbeba mjukuu wake, akahesabu vidole vyote ishirini, akaridhika, akaomba kofia. Tulimwambia alale walau siku moja. Akasema hawezi, kesho Bi anaangua na Tsuma hajui kuhesabu.

Aliishi pale miaka mingi, na pale ndipo tulipomzika.

Sasa wewe kijana mwenye uzi wako wa kustaafu. Kagua title, kagua maji, peleka surveyor, hayo yote fanya. Uliza na miti ni ya nani, usije ukakumbatia mnazi na povu usoni. Lakini ukishamaliza due diligence yako, jiulize na hili: hapo unapokwenda, nani atakuwa na sababu ya kuingia uani kwako siku ambayo huna la kumpa? Kama hakuna, mimi ningekushauri uendelee kutafuta, hata wakikupa hilo shamba bure.

Mliowahi kununua upande wa Kwale njooni mseme yaliyowakuta, hasa nyinyi mnaojifanya hamkukutwa na kitu. Wa kunicheka anicheke. Ila kwanza mpigie simu mzee wako, kisha ndiyo uje kucomment.